Tangazo la dhahabu lililovaa joho la habari

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nieleze jambo lililofika mezani kwangu mwezi uliopita, kwa kuwa chanzo chake ni gazeti lako mwenyewe. Mimi ni sonara mstaafu wa hapa Mwanza. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimeyeyusha, nimepima na nimefua dhahabu za watu, na ingawa duka nimemwachia kijana wangu, mizani na jiwe la kusugulia bado ninavyo nyumbani kwa ajili ya majirani wanaotaka kujua thamani ya walichonacho.

Alikuja shemeji yangu, muuguzi aliyestaafu mwaka jana, akiwa na vipande vinne vya dhahabu vya gramu tano tano, kila kimoja kikiwa ndani ya plastiki ngumu, pamoja na ukurasa wa gazeti uliokunjwa mara nne. Alitaka nimpimie tu ili moyo utulie. Kwa ruhusa yake nilikitoa kipande kimoja, nikakisugua kwenye jiwe, nikadondoshea tindikali, kisha nikakiweka kwenye mizani. Alama iliyobaki kwenye jiwe haikufifia, ishara kwamba haikuchanganywa na madini mengine, na uzito ulikuwa kamili. Ilikuwa dhahabu halali ya karati 24, yaani dhahabu tupu, nami nikampongeza. Nilipomuuliza alivinunua kwa kiasi gani, pongezi zikaniishia mdomoni, maana alikuwa amelipa karibu theluthi moja zaidi ya bei ya dhahabu ya siku ile aliyonunua.

"Shemeji, mbona hukuniuliza kwanza?" nilimwambia.

Akaukunjua ule ukurasa. "Ningekuuliza nini, shemeji, na hili si tangazo? Hii ni habari. Tazama, iko juu ya habari ya Bunge."

Kweli ilikuwa juu ya habari ya Bunge. Kichwa chake kilichapwa kwa herufi zile zile za vichwa vyenu vya kila siku. Ilianza kwa "Na Mwandishi Wetu" na jina la mji. Ilikuwa na picha ya bwana mmoja aliyeelezwa kuwa mtaalamu wa uwekezaji, ambaye ukivumilia hadi aya ya mwisho unagundua kuwa ni ofisa mauzo wa kampuni ile ile inayouza vipande hivyo, na namba ya simu ya ofisi yake imewekwa hapo kwa yeyote anayetaka "maelezo zaidi". Ilinibidi nivae miwani ndipo nikaona, kwenye kona ya chini, kwa maandishi membamba kama uzi, maneno mawili: "Makala maalumu". Mhariri, nimesoma magazeti tangu nikiwa mwanafunzi na bado sijui maneno hayo yana maana gani. Makala ya sikukuu ya Uhuru ni maalumu, na ya kumbukumbu ya kiongozi aliyefariki ni maalumu vilevile. Kitu kilicholipiwa kina jina lake la Kiswahili, nalo ni tangazo, na kila aliyewahi kupeleka taarifa ya msiba redioni akaombwa pesa kaunta analijua.

Sasa nije kwenye yaliyoandikwa, kwa sababu hapo ndipo ninapoweza kusema kwa ujuzi. Makala ilidai kwamba dhahabu "haijawahi kushuka thamani". Mwandishi wa habari wa kawaida angeambiwa na mhariri wake akahakiki sentensi hiyo, na angemaliza kazi kwa dakika kumi. Mnamo Januari 1980 wakia moja ya dhahabu, yaani ile wakia ya masonara yenye gramu 31.1, ilifika dola 850 za Marekani. Mwaka 1999 ilikuwa ikiuzwa kwa dola 250 na ushee. Na aliyenunua kileleni alisubiri hadi Januari 2008 kuiona tena bei yake, kabla hata hajahesabu kupanda kwa gharama za maisha katika miaka hiyo 28. Septemba 2011 ilipita dola 1,900, na Desemba 2015 ilikuwa karibu dola 1,050. Fedha, namaanisha madini na si noti, ndiyo yenye vituko zaidi: Januari 1980 ilikaribia dola 50 kwa wakia, na kabla Machi haijaisha ilikuwa imeanguka hadi kama dola 11. Ni kweli kwamba miaka hii dhahabu imepanda kwa kasi, ikapita dola 3,000 Machi 2025 na dola 4,000 Oktoba mwaka huo huo, na sitashangaa ikipanda tena. Lakini kusema imepanda ni jambo moja, na kumwambia mstaafu kwamba haishuki ni jambo jingine kabisa.

Makala ilisema pia kwamba "hata Benki Kuu inanunua dhahabu". Inanunua, tena tangu Oktoba 2024 wachimbaji na wafanyabiashara wenye leseni wanaosafirisha dhahabu nje wametakiwa kutenga angalau asilimia 20 isafishwe na kuuzwa kwa Benki Kuu. Ila Benki Kuu hainunui vipande vya gramu tano ndani ya plastiki kwa bei ya rejareja. Inanunua dhahabu iliyosafishwa hapa nchini, kwa bei inayofuata soko la dunia, ili kuongeza akiba ya taifa. Kuitumia hoja hiyo kumuuzia shemeji yangu ni sawa na kumwambia mama mwenye genge anunue mchele kilo moja moja kwa bei yoyote atakayotajiwa, eti kwa sababu serikali nayo huweka nafaka kwenye maghala.

Kitu ambacho makala haikukigusa hata kwa ncha ya kalamu ni pengo kati ya bei ya kununulia na bei ya kuuzia, na katika biashara yetu pengo hilo ndilo biashara yenyewe. Mteja akija dukani kununua pete ya karati 22, analipia madini, ambayo ni asilimia 91.6 ya uzito, halafu analipia ufundi. Akirudi mwaka ujao kuiuza, ufundi haumo kwenye mizani. Atalipwa madini tu, tena pungufu kidogo kwa ajili ya kuyeyusha. Hatumfichi, na kila bibi arusi wa Mwanza anajua. Chukua sasa hesabu ya shemeji. Kwa kila dhahabu ya shilingi 100 alilipa kama shilingi 130, na mnunuzi wa kweli leo atampa labda shilingi 95. Ili apate ile 130 yake bila faida ya hata senti moja, bei ya dhahabu sharti ipande kwa karibu asilimia 37. Hakuibiwa kwa dhahabu bandia, na ndiyo maana hana pa kushtaki. Aliuziwa kitu halali kwa bei ambayo asingeikubali kama angejua anayezungumza naye ukurasani ni muuzaji.

Jambo hili halikuanzia kwetu. Huko Marekani, miaka ya 2009 na 2010, watangazaji mashuhuri wa redio na televisheni, Glenn Beck akiwa mmoja wao, walikuwa wakiwaeleza wasikilizaji kwamba uchumi unaporomoka na kwamba kinga ni dhahabu, huku Goldline, kampuni ya kuuza dhahabu, ikiwa miongoni mwa wadhamini wa vipindi vyao. Msikilizaji alipata hofu kutoka kwenye kipindi na dawa ya hofu kutoka kwenye tangazo, kwa sauti ya mtu yule yule. Mji wa Santa Monica, jimbo la California, ulifungua mashtaka dhidi ya kampuni hiyo, na mwaka 2012 shauri likamalizwa kwa makubaliano: mashtaka ya jinai yaliondolewa, nayo kampuni ikakubali kurejesha hadi dola milioni 4.5 kwa wateja wa zamani na kuwaeleza wanunuzi waziwazi ongezeko inaloliweka juu ya thamani ya madini. Inashangaza zaidi kwamba nchi hiyo hiyo ilikuwa na sheria tangu mwaka 1912 inayoyataka magazeti yanayosafirishwa kwa nafuu ya posta kuandika neno "tangazo" juu ya kila habari iliyolipiwa. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, Mhariri, watu walikwishajua kwamba msomaji hawezi kubashiri.

Najua karatasi na wino havinunuliwi kwa dua, na bei ya nakala moja haitoshi kumlipa hata dereva wa kusambaza. Sikuombi ukatae matangazo ya dhahabu; mimi mwenyewe nilitangaza duka langu katika magazeti, likachapwa ndani ya fremu, na hakuna aliyedhani ni taarifa ya Ikulu. Ninachoomba ni fremu ile ile. Neno TANGAZO liandikwe juu na si kwenye kona, herufi ziwe tofauti na za habari, jina la aliyelipa litajwe, na "Na Mwandishi Wetu" liondolewe kabisa mahali ambapo mwandishi hakuwa wenu. Na kama aliyeandika alikuwa wenu kweli, wasomaji tungependa kujua iwapo alilipwa mshahara wake tu au palikuwa pia na bahasha ya kaki. Mnapoandika habari za madini, mpigieni simu mtu asiyeuza chochote: katika masoko ya madini yaliyoanza kufunguliwa mwaka 2019 wapo maofisa wa serikali wanaozijua bei za siku, na masonara wastaafu hatujaisha.

Shemeji hakuviuza vile vipande. Amevifunga kwenye leso, akavitia ndani ya kopo la majani ya chai, na kila Ijumaa jioni hunipigia kuniuliza bei imefika wapi. Mimi humtajia bei ya kuuzia, naye hunyamaza kidogo, kisha hunisalimia watoto na kukata simu.

Wako,
Sonara mstaafu,
Mwanza