Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Hesabu za mwaka atazisoma mweka hazina. Mimi nataka tuzungumze jambo lililoishughulisha zaidi kamati ya ufundi: namna mifumo yetu ya akiba na mikopo inavyomtambua mteja, na kama utambuzi huo utahimili kompyuta za kwanta, yaani mashine zinazokokotoa kwa kanuni za fizikia ya chembe ndogo.

Tangu mwaka 1994, mwanahisabati Peter Shor alipochapisha algorithimu yake, yaani hatua za kukokotoa, tunajua kwamba mashine ya kwanta yenye nguvu ya kutosha itavunja RSA, mfumo wa funguo za siri unaolinda mawasiliano na saini za kidijitali. Mashine hiyo bado haipo, ila makadirio ya ukubwa wake yanashuka kwa kasi. Mwaka 2019 watafiti Craig Gidney na Martin Ekerå walikadiria kwamba kuvunja ufunguo wa RSA wa biti 2048 kungehitaji kyubiti (vitengo vya msingi vya kompyuta ya kwanta) milioni 20. Mei 2025 Gidney alishuka chini ya milioni moja. Kwangu hilo linatosha kutuondoa kwenye kusubiri.

Wauzaji wanatunadia akili mnemba kama dawa ya yote. Kamati haikubali. Ni kweli, programu inayojifunza mwendo wa mtu kuandika, anavyoshika simu na saa anazozoea kutuma pesa, humnasa mwizi aliyeiba nywila. Tunaiunga mkono kwa moyo wote. Lakini inachotoa ni uwezekano, si uthibitisho. RSA ikivunjwa na saini ya kidijitali, ile inayothibitisha kuwa seva ni halali, ikighushiwa, seva bandia itapita kama halali, na mwenendo wa mteja utakuwa uleule wa siku zote. Sauti nayo sasa inaigizwa na akili mnemba hiyohiyo, kwa hiyo isikubaliwe peke yake.

Tuanze na funguo. Agosti 2024 NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilitoa viwango vitatu vya usimbaji unaokusudiwa kuhimili kompyuta za kwanta, viwili vikiwa vya saini: ML-DSA na SLH-DSA. Gharama ipo: saini ndogo kabisa ya ML-DSA ni baiti 2,420, ya RSA-2048 ni 256. Wenzetu wenye matawi ya vijijini wataihisi, maana saini kubwa huelemea mtandao dhaifu. Tena mifumo ijengwe iweze kubadilisha algorithimu, maana SIKE, algorithimu nyingine iliyopendekezwa kuhimili kwanta na iliyokuwa imevuka michujo kadhaa ya NIST, ilivunjwa mwaka 2022 kwa kompyuta ya kawaida.

Naomba kila taasisi mwanachama iorodheshe mahali pote inapotumia RSA, kuanzia vyeti vya seva hadi programu za simu, na kukabidhi orodha hiyo kwa katibu kabla ya kikao kijacho. Wanaorekodi mienendo ya wateja wapitie kwanza Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022.

Mwenyekiti