Mayai ya chumvi yamenifundisha kulea wajukuu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nizungumze na wazazi na walezi wenzangu wa jiji hili la Dar es Salaam juu ya jambo linalolalamikiwa kwenye kila kibaraza, kila msiba na kila daladala, yaani watoto wa siku hizi kukosa adabu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Ninaishi Tabata pamoja na wajukuu wangu wawili, msichana wa miaka 10 na mvulana wa miaka 7, ambao wazazi wao huondoka alfajiri kuwahi kabla ya foleni na hurudi usiku watoto wakiwa wamekwisha kulala. Sikusudii kuongeza lalamiko juu ya malalamiko. Nataka kueleza kazi moja ya jikoni, nayo ni kutengeneza mayai ya chumvi, ambayo kwa wiki nne tu ilifanya kile ambacho makaripio yangu ya mwaka mzima yalishindwa kukifanya.

Naomba nianze na aibu iliyonipata. Mwaka jana alikuja nyumbani mzee mmoja wa mtaa wetu, mtu aliyenizidi umri, kunipa taarifa ya msiba. Alipiga hodi, mjukuu wangu wa kiume akafungua mlango, akamtazama, kisha akarudi kwenye kochi kuendelea na simu, bila shikamoo na bila karibu. Mzee yule alisimama mlangoni mpaka nilipotokea uani. Yeye hakusema neno, lakini mimi nilifanya nilichokizoea kwa miaka yote ya ualimu: nilimkemea mtoto mbele ya mgeni na kumlazimisha aamkie papo hapo. Akaamkia huku akitazama sakafu. Usiku ule sikupata usingizi. Nilikumbuka madarasa yangu, watoto walivyokuwa wakisimama kwa pamoja na kuitikia "Shikamoo mwalimu" kwa sauti iliyofika hadi barabarani, na jinsi baadhi ya watoto haohao nilipokutana nao sokoni siku ya Jumamosi walivyokuwa wakijificha nyuma ya matenga ya nyanya ili wasinisalimie. Nilikuwa nimewafundisha kuogopa, nami nikadhani nimewafundisha heshima.

Uani kwangu nafuga bata saba, na kuna miezi ambayo mayai huwa mengi kuliko tunavyoweza kula. Jirani yangu, mama mfanyabiashara ambaye husafiri kwenda Guangzhou nchini China kununua bidhaa, ndiye aliyenieleza kwamba kule mayai ya bata hulowekwa kwenye chumvi na kuliwa pamoja na uji wa mchele, na kwamba wengine huyapaka udongo au majivu yaliyochanganywa na chumvi badala ya kuyaweka majini. Baadaye nilifahamu kwamba si Wachina pekee. Huko Indonesia, mji wa Brebes katika kisiwa cha Java unasifika kwa mayai hayo, na Wafilipino huyapaka maganda rangi nyekundu ili mnunuzi asiyachanganye na mayai mabichi, kisha huyala pamoja na nyanya na vitunguu vilivyokatwakatwa, chakula ambacho mtu wa pwani yetu akikiona atakiita kachumbari bila kusita. Nikaamua kujaribu, na nikaamua kwamba sitafanya peke yangu.

Siku ya kwanza tulikaa chini uani, mimi na watoto, tukiwa na mayai 15. Tuliyapima kwa kuyatia katika beseni la maji ya kawaida. Yai linalozama na kulala ni bichi zuri, linalosimama limeanza kuzeeka, na linaloelea halifai. Tuliyatazama moja moja kwenye mwanga kutafuta nyufa, kwa sababu yai moja lenye ufa huweza kuharibu ndoo nzima, kisha tukayaosha taratibu. Hapo ndipo nilipoanza kusikia lugha ya wajukuu wangu, ambayo kwa kweli sikuwa nimeisikiliza vizuri kabla. "Nipe hilo." "Lete hapa." "Toka, zamu yangu." Sikukemea. Nilichofanya ni kuhakikisha kwamba mimi mwenyewe kila ninapohitaji kitu nasema, "Naomba beseni, mjukuu wangu," na ninapopewa nasema asante kwa kumtazama mtoto usoni. Kufikia yai la kumi hivi, yule mdogo akasema, "Dada, naomba na mimi niangalie." Hakuna aliyemwambia aseme hivyo.

Maji ya chumvi tuliyatengeneza kwa kipimo cha robo kilo ya chumvi ya mawe kwa kila lita moja ya maji, yaani nusu kilo kwa lita zetu mbili. Chumvi hiyo ni ileile inayovunwa kwa kukausha maji ya bahari katika mashamba ya chumvi ya pwani, kama yale ya Bagamoyo, na hupatikana sokoni kwa bei nafuu. Tulichemsha maji, tukatia chumvi, na nikakoroga mpaka ikayeyuka yote. Moto ulikuwa mkali na jua la saa saba lilikuwa kali zaidi, na nikiwa nakoroga yule msichana alipita akaniambia, "Pole na kazi, bibi." Ndugu Mhariri, nina umri mkubwa na nimepewa pole nyingi, lakini ile niliitikia kwa moyo wangu wote, maana ilitoka kwa mtoto aliyeiona kazi yenyewe na kuona kwamba mtu mwingine anachoka.

Maji yalipoa kabisa ndipo tukayamimina juu ya mayai katika ndoo ndogo ya plastiki safi yenye mfuniko. Mtungi wa kioo au wa udongo nao unafaa, lakini sufuria haifai, kwa kuwa chumvi huila. Mayai huelea katika maji ya chumvi hata yakiwa mabichi kabisa, hivyo tuliyakandamiza kwa kisahani ili yote yazame. Watoto waliandika tarehe juu ya kila ganda kwa penseli, na wakaandika pia yai gani ni la nani. Ndoo ikawekwa kwenye kona yenye kivuli. Kinachoendelea humo ndani nilikieleza kama nilivyokuwa nikifundisha sayansi: chumvi hupenya polepole kupitia vitundu vidogo vya ganda, maji hutoka ndani ya kiini, kiini hukazana na mafuta yake hujitokeza. Yai la bata hupendelewa kwa sababu kiini chake kina mafuta mengi kuliko cha yai la kuku. Lakini haya yote huchukua wiki tatu hadi nne, na hayaonekani kwa macho. Kwa mtoto aliyezoea kubonyeza kioo cha simu na kupata anachokitaka papo hapo, siku 28 ni umri mzima.

Siku ya tisa niliona maji yamechafuka. Nilijua mara moja kwamba yai limevunjika, na nilijua pia kwamba mayai hayavunjiki yenyewe ndani ya ndoo iliyofunikwa. Zamani ningewapanga mstari na kuuliza ni nani. Safari hii niliwaita wote wawili, nikawaonyesha maji, nikasema, "Yai limepasuka, tusipofanya kitu tutapoteza yote. Kesho tutengeneze maji mapya." Basi. Jioni, nikiwa napepeta mchele, yule mdogo alikuja akasimama pembeni yangu kwa muda mrefu, kisha akasema, "Bibi, ni mimi. Nilifungua kuangalia. Samahani." Nilikuwa na maneno mengi mdomoni, nayo yalikuwa maneno ya haki. Niliyameza. Nilimwambia asante kwa kunieleza ukweli, nikamwambia kwamba kesho yeye ndiye atakayeondoa yai bovu, kuyaosha mengine na kupima chumvi mpya, nami nitamsaidia kwenye moto tu. Aliifanya kazi hiyo yote bila kucheza, na alipomaliza akasema yai lake la kwanza apewe dada yake.

Hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo penye uzito. Sisi watu wazima tunadai samahani kwa watoto wetu kila siku, lakini ni wangapi kati yetu tumewahi kumwambia mtoto samahani? Tunamkanyaga, tunamsingizia kosa la ndugu yake, tunamwahidi zawadi na hatuleti, kisha tunanyamaza kwa kuwa yeye ni mtoto. Usiku uleule wa kungama kwake nilimwambia mjukuu wangu kwamba nami nilikosea siku ile nilipomwaibisha mbele ya mgeni, na kwamba ningepaswa kumwita pembeni. Alishangaa. Wako watakaosema kwamba bibi anayeomba radhi kwa mjukuu anajishusha, na nawaheshimu kwa maoni yao, lakini nimeona kwa macho yangu kwamba mtoto hawezi kutoa neno ambalo hajawahi kupewa. Hata shikamoo ni hivyohivyo. Mtoto akituamkia nasi tukaitikia "marahaba" huku tunaangalia simu zetu, tumemfundisha kwamba salamu ni kelele tu ya mdomoni.

Siku ya 28 ilipofika tulichemsha mayai yote kwa robo saa. Viini vilikuwa na rangi ya chungwa, vimekazana, mafuta yakichuruzika kidogo pale kisu kilipopita, na ute ulikuwa na chumvi ya kutosha kuufanya wali mweupe usihitaji mboga nyingi. Watoto walinawa mikono, wakamkaribisha mama yao aliyekuwa nyumbani siku hiyo akae kwanza, na tukala kwa kachumbari. Mayai ya kwetu yalibaki machache, kwa sababu kwenye maganda yalikuwa yameandikwa majina ya majirani, na majirani lazima wapelekewe.

Niliwafundisha njia tuliyofundishwa sisi. Sahani hufunikwa kawa. Ukifika mlangoni, unasimama pembeni ili usichungulie ndani, unapiga hodi, unasubiri, na usipojibiwa mara ya tatu unarudi nyumbani. Ukijibiwa unaamkia kwanza, ndipo unasema umetumwa na nani, na sahani unaitoa kwa mkono wa kulia au kwa mikono miwili. Yule mdogo ndiye niliyemtuma kwa mzee niliyemtaja mwanzo. Nilimtazama kutoka dirishani. Alisimama pembeni kama nilivyomwelekeza, akasubiri, na mlango ulipofunguka nikamsikia akisema shikamoo kwa sauti yake ya kawaida, uso juu. Sahani haikurudi tupu. Ilirudi na ndizi mbivu nne, na mtoto akazihesabu kuzigawa kabla hata hajavuka kizingiti.

Naomba niwatahadharishe wasomaji kuhusu chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na kijiko kimoja kidogo cha chai, na watoto wapate chini ya hapo. Kwa hiyo mayai haya ni kitoweo cha kuonja pamoja na wali au uji. Kwangu mtoto hupata robo au nusu ya yai, wali wenyewe sitii chumvi, na mwenye shinikizo la damu nampelekea yai la kawaida. Mayai yakishafikia ladha unayoipenda yatoe majini na yaweke kwenye friji, la sivyo yataendelea kukolea mpaka yashindikane kulika. Asiye na bata atumie mayai ya kuku, ya kienyeji au ya kisasa. Mwenye kuishi chumba kimoja Manzese au Mbagala anahitaji ndoo ndogo na kona ya kivuli tu, na asiyependa mayai kabisa aweke achari ya ndimu au aoteshe mchicha kwenye kopo, mradi kazi iwe ya kweli, iwe ya siku nyingi, na mtu mzima aifanye pamoja na mtoto kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni kwamba mnapoandaa habari za watoto, mfikirie kuchapisha kila mwezi kazi moja ya nyumbani inayochukua zaidi ya wiki, pamoja na vipimo vyake, ili walezi wenye muda mchache wapate pa kuanzia. Kwetu ndoo ya pili iliwekwa Jumapili iliyopita, mayai 20 safari hii, na yule mdogo ndiye aliyepima chumvi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu,
Tabata, Dar es Salaam