Barua kwa mwanangu, kuhusu ile hela uliyorudisha

Mwanangu, baba yangu,

Asalam aleikum. Sisi huku Ujiji wazima, bibi yako miguu bado inamsumbua ila anakula. Nakuandikia mana kwenye simu ya mwalimu hatuongei tukamaliza.

Ile hela uliyoacha juu ya kabati nimeiona, chenji ya matumizi, umeikunja kwenye karatasi umeandika "imebaki mama, asante". Nililia. Dada zako nikiwatuma sokoni Mwanga chenji inaishia kwenye mihogo ya kukaanga na nikiuliza wananinunia wao, sasa wewe likizo nzima unaomba ruhusa kufungua chungu, unaosha vyombo hata zamu si yako, nikiuliza unataka kula nini unasema chochote tu mama. Majirani wananiambia hongera una kijana mwenye adabu, mi roho inaniuma kwa sababu nakujua, wewe ulikuwa unagombania kichwa cha samaki mgebuka na dada zako mpaka baba yenu anaingilia.

Umebadilika tangu siku ya hitma ya baba yako, uliposikia baba yako mkubwa anasema pale barazani kwamba mtoto wa kulea harithi. Najua ulisikia, uliweka sinia chini ukatoka.

Sikufichi kitu, toka mdogo hujawahi kufichwa. Alilosema kwenye dini lipo, mirathi ina wenyewe, ndo mana hata jina la baba yako mzazi tulikuachia. Ila kulisema siku ile, mbele yako, matanga hata hayajapoa, hilo sitamsamehe haraka. Na amesema nusu. Dini hiyo hiyo imeruhusu wasia mpaka theluthi ya mali kwa asiyerithi, na marehemu alishakuandikia, mbele ya shehe na mashahidi, kile kiwanja cha Mwandiga ni chako na hakifiki hata hiyo theluthi. Nilikuwa nangoja umalize mitihani nikuambie, basi nakwambia leo.

Halafu kuna la maziwa. Mama yako mzazi alipofariki hospitali ya Maweni akikuzaa, ndugu wakatafutwa na watu wa ustawi wa jamii hawakupatikana, ukaletwa kwetu una siku chache tu, mama yako mdogo, mdogo wangu mimi, alikuwa ananyonyesha, akakuweka ziwa moja binti yake ziwa la pili, miezi na miezi. Kwenye madhehebu yetu kunyonya mara tano tu kabla ya miaka 2 inatosha kuwa mtoto wa aliyekunyonyesha, wewe ulinyonya mpaka ukamchosha. Kwa hiyo yule ni mama yako wa kunyonya, mi ni dada yake, na ndo mana mpaka leo nakaa mbele yako bila mtandio. Hakuna wa kuja kuniambia huyu si wetu.

Kiukweli mwanangu kulea mtoto ambaye hukumzaa kuna uoga wake. Ukiumwa naogopa mara mbili, nakuona kama amana ya yule mwanamke na nitaulizwa. Siku uliyoniuliza sura yake ilikuwaje nilipata wivu, ndiyo, wivu na marehemu, lakini nilitaka uulize na nataka uendelee kuuliza. Ninachojua alitokea ng'ambo ya ziwa akashukia Kibirizi, mengine yako kwenye faili la ustawi. Ukirudi tutaenda wote tukaombe watusomee, ukitaka niingie naingia, ukitaka nikusubiri nje nitasubiri.

Sasa nisikilize. Sitaki shukrani za ugali. Nataka unidai viatu, unibishie, unune ukinyimwa, ukichoka useme leo siendi kisimani atumwe mwingine. Utapigiwa kelele kama wenzio.

Hela yako nimempa mjomba wako akuletee Jumamosi, usiirudishe. Na uniandikie ukija likizo nikupikie nini, utaje chakula kwa jina lake, nikiona "chochote" sipiki.

Mama yako