Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Msimbati, Mtwara

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Awali ya yote tunakushukuru kwa kuukubali mwaliko wetu. Karibu sana Msimbati.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kijiji chetu kimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Wageni huulizia kasa na nyangumi. Sisi leo tunamleta kwako sifongo anayetanda juu ya mawe.

Maji ya bamvua yakitoka, funua jiwe la matumbawe. Upande wa chini utakuta utando mwekundu au wa rangi ya chungwa, unene wake milimita chache tu. Kwa lenzi utaona matundu, na kila tundu limezungukwa na vijia vilivyosambaa kama mishipa ya jani. Huyo ni mnyama kamili! Hana mdomo, tumbo, moyo wala neva. Maji huingia kupitia vitundu visivyoonekana kwa macho, yakivutwa na seli zenye vijimkia visivyochoka kupiga. Bakteria hunaswa humo wakawa chakula, na maji yaliyochujwa hutokea kwenye yale matundu makubwa. Sifongo wengi mwili wao hushikiliwa na vijiti vikali vya silika, madini yanayotengenezea kioo, na wako ambao ukiwashika vidole huwasha. Ng'amba, aina ya kasa, huwala hivyo hivyo, na vijiti vyao. Hilo lilitushangaza kuliko yote.

Chini ya jiwe jua halimpati, mwani haumzongi na mchanga haumzibi vitundu. Akiwa lava, yaani kitoto chake, huogelea muda mfupi, kisha hushika mahali, na hapo ndipo maisha yake yote. Jiwe likipinduliwa na kuachwa hivyo, jua humuua, pamoja na vyote vilivyojificha naye.

Wanaofunua mawe kutafuta pweza na chaza ni mama zetu na kaka zetu, na kitoweo hicho tunakula sote. Hatuombi mtu azuiwe. Tunaomba jiwe lirudishwe lilivyokuwa, nawe ulibebe neno hili kwenye vikao vya wavuvi, maana likitoka kwako litasikika zaidi.

Tunaomba pia hadubini. Rangi ya sifongo hudanganya. Wataalamu humtambua kwa maumbo ya vijiti vyake, na lenzi yetu haivifikii.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi,
Wanachama wa Klabu ya Mazingira