Msiilazimishe ilimba ifuate kinanda

Mhariri,

Baadhi ya watayarishaji wanaorekodi nyimbo za Kigogo hapa Dodoma huwataka mafundi wairekebishe ilimba, yaani sanduku la vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, mpaka ilingane na kinanda. Tunawaomba waache, maana wanaharibu chombo pamoja na muziki wake.

Sauti za ilimba hupangwa juu ya mzizi mmoja, yaani sauti ya chini ya msingi. Mzizi ukitetemeka mara 100 kwa sekunde, vyuma vya juu hutakiwa vitetemeke mara 600, 700, 800, 900 na 1,000. Kinanda hakina 700. Iliyo karibu ni 713. Hata 1,000 kwake ni 1,008. Hivyo fundi anaagizwa akivute nyuma chuma cha 700 ili kiwe kifupi na sauti yake ipande hadi 713. Kama sehemu inayotetemeka ina milimita 60, nusu milimita tu inatosha.

Tatizo ni kwamba ilimba ina vyuma visivyopigwa kabisa. Kazi yake ni kuitikia vingine vinapoguswa, na huitikia pale tu mitetemo inapolingana. Fundi akisogeza vinavyopigwa na kuviacha vya kuitikia, sauti hukauka, kisha lawama anabebeshwa mpigaji. (Msichanganye na utando wa buibui kwenye tundu la sanduku: huo ukipasuka hupotea mkwaruzo tu, mwitikio unabaki.) Waimbaji nao, ambao sauti zao hufuata mpangilio uleule, wanavutwa huku na huku.

Watunzi pia waangalie mikono ya mpigaji. Ilimba hupigwa kwa vidole gumba viwili, kila kimoja na upande wake. Msiandike sauti nne kwa pigo moja, wala mfululizo wa kasi upande mmoja. Chuma kikishaguswa, sauti hufifia upesi. Kurudiarudia ndiko kunakoishikilia, ndiyo maana mapigo ya Kigogo huzunguka. Anayetaka noti ndefu aiachie zeze, lina uta wa kuivuta.

Studio zirekodi ilimba na waimbaji kwanza, zipime mzizi, kisha kinanda kiufuate. Noti ya 713 ishushwe senti 31 (senti moja ni sehemu ya mia ya hatua kati ya noti mbili za kinanda zinazofuatana), ya 1,008 senti 14. Vinanda vingi vya kisasa huruhusu kusogeza noti mojamoja. Kisichoruhusu, mpigaji wake aziruke noti hizo mbili.

Mafundi wa ilimba,
Chamwino, Dodoma