Tochi ya kazi isiwe na mambo mengi

Mhariri, naomba niwaambie walinzi wenzangu na wavuvi wa dagaa huku Mwanza, tochi nzuri ni ile rahisi. Swichi moja, mwanga mkali na hafifu basi, hizo zenye redio na king'ora nyingi hazidumu. Mi naangalia kwanza kama inatumia betri za AA zinazouzwa kila duka, maana ya kuchaji ikizima saa nane usiku na umeme hamna utafanyaje? Halafu cheki mpira wa kwenye kifuniko na alama ya IPX7, yaani inavumilia maji ya mita 1 kwa dakika 30, IPX4 ni ya kurushiwa maji tu. Betri nazo msiziache ndani miezi na miezi, zinavuja zinakula chuma. Na wauzaji jamani, acheni kuuza tochi zenye boksi lililoandikwa lumeni (kipimo cha mwanga) za uongo, mtu anaitegemea ziwani.

Mlinzi wa usiku, Mwanza