Wazazi, mwacheni kijana ajaze fomu mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Kijana aliyepata daraja sifuri kidato cha nne bado anaweza kurudia mtihani wa Baraza la Mitihani (NECTA) kama mtahiniwa wa kujitegemea, au kusomea ufundi katika vyuo vya mamlaka ya ufundi stadi (VETA). Kinachomkwamisha mara nyingi ni mzazi anayemjazia fomu na kumwombea ruhusa hata ya mafua. Fundi akimtaka kazini saa moja asubuhi, wiki haiishi ameacha.

Akitimiza miaka 18, aende NIDA mwenyewe kuomba kitambulisho cha taifa, na cheti chake cha kuzaliwa mkononi. Mpeni nauli na posho ya wiki nzima kwa mkupuo. Ikiisha Jumatano, msiongeze. Atatembea, na wiki inayofuata atapanga. Kumwamsha nako acheni, simu anayo.

Mkufunzi wa ufundi,
Morogoro